Adapta za Lenzi: Mambo ya Kupima, Kuuliza na Kudai Kabla ya Kulipa

Mpiga picha anayehama kutoka kamera ya DSLR kwenda kamera isiyo na kioo cha ndani hubaki na lenzi alizozinunua kidogo kidogo kwa miaka mingi. Kuziuza ni hasara, na kununua mpya ni mzigo. Adapta, yaani pete inayofungwa kati ya lenzi na kamera, huweza kuziokoa lenzi hizo. Hata hivyo, si kila adapta hufanya kila kazi, na kosa la ununuzi linaweza kubainika siku ya harusi, bibi harusi anapoingia ukumbini huku fokasi ikihangaika. Somo hili limeandaliwa ili mtumiaji wa Njombe, Makambako na kwingineko alijue jambo hili kabla ya kutoa fedha.

Jinsi adapta inavyofanya kazi

Kila aina ya kamera ina umbali maalumu kutoka mahali lenzi inapofungwa hadi kwenye kihisi kinachopokea picha. Kwa Canon EF umbali huo ni milimita 44, na kwa Nikon F ni milimita 46.5. Kamera zisizo na kioo zina umbali mfupi: Canon RF milimita 20, Sony E milimita 18 na Nikon Z milimita 16. Adapta hujaza tofauti hiyo. Kwa hiyo, lenzi ya Canon EF hufungwa kwenye Sony E kwa pete yenye unene wa milimita 26.

Kinyume chake hakiwezekani kwa pete tupu. Lenzi iliyotengenezwa kwa kamera isiyo na kioo, ikifungwa kwenye DSLR, hukaa mbali mno na kihisi, na vitu vya mbali havitaonekana vizuri. Muuzaji anayeahidi jambo hilo aulizwe maswali zaidi.

Aina tatu za adapta

Kwanza, pete tupu. Ni rahisi kwa bei, lakini fokasi huzungushwa kwa mkono. Inafaa lenzi za zamani zenye pete yake ya kubadili tundu la mwanga. Lenzi ya Canon EF hubadili tundu hilo kwa umeme wa kamera. Ikifungwa kwa pete tupu, tundu halibadiliki.

Pili, adapta yenye viunganishi vya umeme. Hii hupitisha mawasiliano kati ya kamera na lenzi, hivyo fokasi huweza kujiendesha. Kasi yake hutegemea kamera, lenzi na programu iliyomo ndani ya adapta.

Tatu, adapta yenye vioo ndani yake. Hubadili upana wa picha, na vioo duni hupunguza ubora.

Hata adapta ya kampuni ileile ina mipaka. Adapta ya Nikon iitwayo FTZ haina mota. Lenzi za zamani zilizotegemea mota ya kamera zitalengwa kwa mkono.

Kabla ya kulipa

Mteja wa Njombe anayeagiza kwa simu kutoka Dar es Salaam, na kupokea mzigo kwa basi, hapati nafasi ya kujaribu dukani. Tunashauri afanye yafuatayo:

1. Aandike majina kamili ya kamera na ya kila lenzi, kisha amtumie muuzaji kwa ujumbe.
2. Akubaliane kwa maandishi kuhusu siku za kurudisha bidhaa na nani atalipa nauli ya mzigo.
3. Adai risiti, na aitunze.
4. Siku ya kupokea, alenge kilima cha mbali, aangalie kama lenzi inachezacheza, kisha ajaribu fokasi ndani ya chumba chenye mwanga hafifu.
5. Asiipeleke kazini kabla ya majaribio hayo.

Wakati wa ukungu na manyunyu, ikumbukwe kuwa adapta nyingi hazina mpira wa kuzuia maji, hata kama kamera na lenzi vinao.

Haki yako

Chini ya Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi akimweleza mfanyabiashara wa bidhaa hizo matumizi anayokusudia, na akategemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kuyafaa matumizi hayo. Anayeagiza kwa kutaja jina la chapa pekee anaweza kuipoteza kinga hiyo. Kwa hiyo usiandike tu, "Nataka adapta ya kampuni fulani." Andika, "Nataka adapta itakayoendesha fokasi ya lenzi yangu hii kwenye kamera yangu hii." Ujumbe huo ndio ushahidi wako. Ukiuziwa bidhaa bandia, toa taarifa kwa Tume ya Ushindani.

Maswali ya kujipima

1. Je, lenzi yangu ina pete ya tundu la mwanga?
2. Je, kazi yangu inahitaji fokasi inayojiendesha?
3. Je, muuzaji ameniahidi hayo kwa maandishi?

Ikiwa jibu la swali lolote hulijui, usilipe bado.