Swali na Jibu: Geji ya joto inapanda mwinukoni

SWALI: Fundi, navuta trela la saruji kutoka Athi River hadi Namanga. Kwenye tambarare za Kitengela geji hutulia, lakini miinuko ya kuelekea Kajiado huipandisha. Nimeshauriwa ning'oe thamostati. Nikubali?
Dereva, Kitengela

JIBU: Hapana, ndugu dereva. Bila thamostati injini hukawia kupata joto lake la kazi, hula dizeli na kuchakaa mapema, nalo tatizo lako litabaki.

Mimi naishuku feni. Ukikimbia tambarare, upepo wa barabarani hupoza rejeta. Ukipanda polepole na mzigo, upepo huo ni mdogo na kazi yote huangukia feni. Malori mengi yana klachi ya feni yenye mafuta mazito ya silikoni. Joto likizidi hukaza, na utasikia feni ikinguruma. Husikii? Egesha injini ikiwa moto, izime, toa ufunguo, vaa glavu, kisha zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka kwa wepesi bila kukupinga, klachi imekufa.

Kabla ya kununua nyingine, osha rejeta ikishapoa, ukirusha maji kutoka upande wa feni. Vumbi la Kajiado huziba sana.

Kagua na kifuniko cha rejeta, maana ndicho hushikilia shinikizo. Huku kwetu, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, maji yasiyo na shinikizo huchemka karibu nyuzi 95, si 100.

Mlimani punguza gia mapema: injini ikizunguka kasi, feni na pampu ya maji huzunguka kasi pia. Na tafadhali, usifungue kifuniko injini ingali moto.