Kiwanja kisiuzwe kwa sababu ya kipimo

SWALI: Baba yangu ana miaka 66. Mkono wa kulia unamtetemeka akiwa amekaa tu, na siku hizi anaburuta mguu. Kaka amesikia kuna kipimo kipya cha Parkinson, anataka tuuze kiwanja tumpeleke India. Jirani naye analeta mbegu za upupu. Tufanyeje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Kiwanja kibaki kwanza. Kipimo hicho kipo kweli: hutafuta protini ya alfa-sinukleini iliyojikunja vibaya kwenye maji ya uti wa mgongo. Utafiti wa mwaka 2023, uliohusisha watu zaidi ya 1,000, ulionesha kinawanasa wagonjwa 88 hivi katika kila 100. Lakini majibu yake hayatabadili dawa atakayoandikiwa baba leo. Ugonjwa huu bado unatambuliwa kwa macho na mikono ya daktari: vidole kupoteza wepesi, ukakamavu wa viungo, mkono unaotetemeka ukiwa umetulia. Akimeza levodopa, dawa ya ugonjwa huu, akapata nafuu ya wazi, huo nao ni ushahidi. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwahi kupita nyumba kwa nyumba. Wengi waliowakuta na Parkinson hawakuwa wamegunduliwa kabla. Hao hawakukosa kipimo cha India, walikosa mtu wa kuwatazama.

Nendeni na dawa zote anazotumia. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika na haloperidoli ya magonjwa ya akili huweza kuleta hali inayofanana kabisa na hii. Msiziachishe wenyewe, mwachieni daktari aamue.

Kama mnasikia maneno ya kurogwa, yapuuzeni. Seli za ubongo zinazotengeneza kemikali ya dopamini zinakufa, kwa mchanganyiko wa umri, urithi na pengine sumu kama parakwati ya kuulia magugu. Mwaka 2023, utafiti ulioshirikisha Wanigeria ulibaini badiliko katika jeni ya GBA1 linaloongeza hatari kwa watu wenye asili ya Afrika. Tafiti za Ulaya hazikuwa zimeliona. Lingeonekanaje, wakati sisi hatukupimwa?

Jirani hajakosea kabisa. Upupu una levodopa yenyewe, ila hakuna ajuaye mbegu moja ina kiasi gani, na ukichanganywa na vidonge mgonjwa anaweza kutapika, kushuka presha au kuona vitu visivyokuwepo. Vidonge vya levodopa na kabidopa vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ni vizuri avimeze nusu saa kabla ya kula, maana nyama na maharage huzuia dawa kufyonzwa vizuri. Majaribio ya kupandikiza seli yapo, kwa watu wachache sana; dawa iliyothibitika kuusimamisha ugonjwa bado haijapatikana.

Ombeni rufaa ya kliniki ya mishipa ya fahamu, katika hospitali ya KCMC au Muhimbili. Kabla ya safari mrekodini kwa simu akitembea na akifunga vifungo vya shati, kwa sababu wazee wengi wakifika mbele ya daktari hujikaza.