Kauli ya Mfanya Biashara na Dhamana Yake

Kijana anayesoma elimu ya biashara hukutana mapema na milango miwili ya sheria: mlango wa mikataba na mlango wa madhara. Wengi huihifadhi kwa ajili ya mtihani, kisha huisahau. Sisi twaona kuwa kuisahau ni khasara. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, Mahakama ya Kadhi hapa Kenya huhukumu mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa hapo. Mauzo, mikopo na kodi za maduka hayamo. Mwenye kugombana na mwenziwe juu ya shehena ya mbao atakwenda mahakama ya serikali, na huko atahukumiwa kwa sheria ya mikataba yenye asili ya Kiingereza, ajue asijue.

Aliyesoma fikihi hatakuwa mgeni huko. Kuna ijabu, nayo ni kauli ya mwenye kutoa, na kuna kabuli, nayo ni kauli ya mwenye kupokea. Muuzaji akisema, "Nakuuzia cherehani hii kwa shilingi elfu nane," na mnunuzi akajibu, "Nimekubali," mkataba umefungika. Lakini akijibu, "Nitakupa elfu saba," hakukubali. Ameivunja kauli ya kwanza na kuleta yake mpya, wala hawezi kurudi kesho akadai kwa nguvu auziwe kwa elfu nane.

Hapo ndipo njia zinapoachana. Katika madhehebu yetu ya Shafi, wanaouziana wana khiyari ya majlisi: madamu hawajaachana, kila mmoja aweza kurejea. Sheria ya serikali haina khiyari hiyo. Neno la kukubali likisha kutoka, mambo yamekwisha, hata kama kahawa haijapoa. Tena sheria hiyo yataka badili, yaani kila upande utoe kitu. Tajiri aliyeahidi bure kumlipia ada mtoto wa jirani hashitakiwi kwa ahadi yake, ila awe ameitia katika hati rasmi. Kwa Mola wake ana lake la kujibu, lakini hakimu hatamwita.

Jambo lenye kutuuma zaidi ni ardhi. Sheria ya Mikataba, sura ya 23, yakataza kushitaki kwa mkataba wa kuuziana ardhi isipokuwa umeandikwa, pande zote zimetia saini, na kila saini ina shahidi aliyekuwapo ikitiwa. Na ndugu zetu wangapi wamenunua kiwanja kwa kupeana mikono barazani, wakaona haya kuomba karatasi kwa mtu wanayesali naye safu moja? Muuzaji akifa, warithi wake husema hawajui lolote. Tusiseme kuandikiana ni mambo ya kizungu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, katika Sura ya Al-Baqara, ni ya kuandika madeni na kushuhudisha.

Ama madhara, huo ni wajibu usiongoja mkataba. Mfano wake mashuhuri ni wa Bibi Donoghue, mwanamke maskini wa Uskochi. Tarehe 26 Agosti 1928, katika mkahawa wa mji wa Paisley, rafiki yake alimnunulia kinywaji cha tangawizi kilichokuwa katika chupa nyeusi isiyoonyesha ndani. Alikunywa kiasi, na yaliyobaki yalipomiminwa, alidai kuwa alitoka konokono aliyeoza. Akaugua tumbo. Angemshitaki nani? Yeye hakununua kitu, kwa hivyo hakuwa na mkataba na mwenye mkahawa wala na Stevenson, mtengenezaji wa kinywaji. Mwaka 1932 Baraza la Malodi mjini London liliamua, majaji watatu kwa wawili, kuwa mtengenezaji ana wajibu wa kumhadhari mnywaji wa mwisho, hata asiyemjua. Jaji Atkin alieleza kuwa jirani katika sheria ni kila mtu ambaye yapasa ufikiri kuwa kitendo chako kitamgusa. Huyo konokono mwenyewe hakupata kuthibitishwa, kwani baadaye shauri lilimalizika kwa maafikiano.

Basi mpishi wa halua, fundi wa nyaya za umeme na mwenye duka aliyeacha mafuta yamemwagika mlangoni wote wamo. Mdai huonyesha mambo matatu: kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa kuhadhari, kwamba aliuvunja, na kwamba madhara yalitokana na huko kuuvunja. Kudhurika peke yake hakutoshi. Aliyeteleza mahali pakavu kwa haraka zake hana wa kumlipa.

Muda nao huhesabiwa. Daawa ya mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6 tangu mkataba kuvunjwa, na ya madhara ndani ya miaka 3, isipokuwa ya kuvunjiwa heshima kwa maneno au maandishi, ambayo muda wake ni miezi 12 tu.