Tujifunze: Vifuko vya Minyoo Kwenye Mbavu na Uti wa Mgongo

Ndugu wanakamati wa parokia na wafadhili wetu, somo la toleo hili linahusu ugonjwa wa haidatidi, yaani vifuko vya maji vinavyoletwa na minyoo tegu ya mbwa. Tutaangalia zaidi vifuko hivyo vinapoingia kwenye mbavu na pingili za mgongo. Si ugonjwa wa kila siku hapa Butimba. Tunauleta kwenu kwa sababu maombi ya msaada wa matibabu hupitia mikononi mwenu, na mgonjwa wa aina hii anahitaji msaada usioishia siku ya operesheni.

Unaambukizwaje?

Tegu huyu ni mdogo sana, milimita chache tu, naye huishi kwenye utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, yakaingia kwenye majani, maji, manyoya na mikono yetu. Kondoo, mbuzi, ng'ombe au binadamu akiyameza, kiluwiluwi hupita kwenye damu na kujenga kifuko chenye maji, mara nyingi kwenye ini au mapafu. Mbwa naye huambukizwa akila ini au mapafu yenye vifuko hivyo. Mtu hamwambukizi mtu mwenzake, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa.

Unapatikana wapi?

Katika Afrika Mashariki ugonjwa huu umejulikana zaidi kwa wafugaji. Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, ni miongoni mwa maeneo yaliyoathirika sana duniani. Shirika la AMREF lilianza mpango wa kuudhibiti huko mwaka 1983: mbwa walipewa dawa, watu walipimwa kwa altrasaundi vijijini, na wagonjwa walifanyiwa upasuaji. Hapa Tanzania, kumbukumbu za hospitali wilayani Ngorongoro za miaka 1990 hadi 2003 zilionyesha wagonjwa 171. Wafugaji na mifugo husafiri, na jiji la Mwanza hupokea watu na nyama kutoka mbali. Ndiyo maana somo hili linatuhusu na sisi.

Kwa nini mfupa ni mgumu kutibu?

Kati ya wagonjwa 100 wa haidatidi, ni wachache tu, kama 1 hadi 4, ambao ugonjwa huingia kwenye mifupa. Karibu nusu ya hao huupata kwenye uti wa mgongo. Kwenye ini, mwili huzungushia kifuko ukuta, kikawa kama mpira mmoja. Ndani ya mfupa ukuta huo haujengeki. Vifuko vidogo vidogo hupenya kidogo kidogo kwenye matundu ya mfupa, miaka mingi bila maumivu. Mwishowe ubavu huvimba au kuvunjika, au pingili hulegea na kubana ugwe wa mishipa ya fahamu. Hapo miguu hufa ganzi, hukosa nguvu, na mgonjwa huweza kushindwa kuzuia mkojo.

Dalili hizi hufanana na za kifua kikuu cha mifupa, na hata za saratani. Kwetu kandokando ya ziwa, kichocho nacho kinaweza kufika kwenye ugwe huo na kulegeza miguu. Kwa hiyo asiwepo anayekisia. Daktari hutumia eksirei, CT au MRI, pamoja na kipimo cha damu. Tena uvimbe usitobolewe ovyo: maji yake yakimwagika mwilini yanaweza kuleta mzio mkali wa kuua, na kuzaa vifuko vipya.

Matibabu yake

Matibabu huunganisha mambo mawili. La kwanza ni upasuaji. Ubavu ulioathirika huweza kutolewa wote pamoja na nyama iliyoguswa, na hapo tumaini la kupona ni kubwa. Uti wa mgongo hauwezi kutolewa hivyo. Daktari huondoa anachoweza, huachilia ugwe uliobanwa, na pengine huimarisha mgongo kwa vyuma.

La pili ni dawa ya albendazoli, inayoanzwa kabla ya operesheni na kuendelea baadaye kwa miezi mingi, wakati mwingine miaka. Humezwa pamoja na chakula chenye mafuta ili iingie vizuri mwilini. Mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara, kwa kuwa dawa inaweza kudhuru ini na kupunguza chembe nyeupe za damu. Mwanamke amweleze daktari kama ana mimba. Hata baada ya hayo yote, ugonjwa wa mgongo hurudi mara nyingi, hivyo mgonjwa hufuatiliwa kwa miaka.

Kamati ifanye nini?

Tumezoea kuchangia operesheni, kisha tukafunga faili. Kwa ugonjwa huu, kufunga faili mapema ni kupoteza fedha za operesheni yenyewe. Tunashauri mchango ugawanywe tangu mwanzo: sehemu ya upasuaji, sehemu ya dawa na vipimo, sehemu ya nauli ya kurudi kliniki, na sehemu ya mazoezi ya viungo au kiti cha magurudumu ikihitajika. Mtu mmoja wa jumuiya atunze tarehe za kliniki. Mwenye miguu inayolegea au mkojo usiozuilika apelekwe siku hiyo hiyo katika Hospitali ya Wilaya ya Nyamagana iliyoko Butimba, ili akihitaji rufaa ya Bugando aipate mapema.

Kinga ni nafuu kuliko yote. Ini na mapafu yenye vifuko yafukiwe shimo refu au yachomwe, mbwa asipewe. Mbwa apewe dawa ya minyoo kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kucheza na mbwa.

Maswali ya kujadili

1. Kwenye machinjio na sherehe zetu, matumbo na maini mabovu hutupwa wapi?
2. Ni wagonjwa gani tuliowasaidia operesheni ambao hatujui wanaendeleaje leo?
3. Katika bajeti ya mwaka ujao, tutatenga kiasi gani kwa dawa na nauli za baada ya operesheni?