Kuitembelea Nyumba Kabla Haijajengwa

Ramani ya nyumba huchorwa kwenye karatasi iliyo bapa, lakini ploti nyingi za Kisii na Nyamira si bapa. Mashamba ya huku hugawanywa kwa vipande vyembamba vinavyoteremka kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni, na kila kizazi kinapogawa urithi, vipande huzidi kuwa vyembamba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Kwa hivyo watu wengi hujenga mahali palipobaki, na mara nyingi palipobaki ni kwenye mteremko.

Chukua ploti ya hamsini kwa mia, yaani takriban mita 15 kwa 30. Ikiwa ardhi inashuka mita 6 kutoka barabarani hadi mwisho wa ploti, nyumba ya urefu wa mita 12 inayofuata mteremko huo itakuwa na tofauti ya mita 2.4 kati ya kona ya juu na kona ya chini. Hicho ni kimo kinachompita mtu mrefu. Katika karatasi aliyopewa mwenye nyumba, sakafu ni mstari mmoja ulionyooka. Kwenye ploti yenyewe, ama upande wa juu utachimbwa, ama upande wa chini utainuliwa kwa mawe na kifusi, ama nyumba itakuwa na sakafu mbili zilizounganishwa kwa ngazi. Kila njia ina bei yake. Wengi hugundua bei hiyo msingi ukiwa umeshaanza.

Kuna teknolojia mbili zinazoweza kumwonyesha mwananchi jambo hili mapema. Ya kwanza ni uhalisia pepe, ambao vijana huuita VR. Mtu huvaa miwani mikubwa inayofunika macho yote, kisha hujiona amesimama ndani ya nyumba ambayo bado haipo. Akigeuza kichwa, anaona ukuta wa nyuma, na akiinua macho, anaona dari. Ya pili ni uhalisia ulioongezwa. Hapa macho hayafunikwi. Mtu husimama kwenye ploti yake, akaelekeza kamera ya simu kwenye migomba na nyasi, na kwenye kioo nyumba inatokea ikiwa imekaa juu ya ardhi ile ile.

Mambo haya si mageni kama yanavyosikika. Mwaka wa 1968 mwanasayansi wa Marekani, Ivan Sutherland, alitengeneza kifaa cha kuvaa kichwani kilichokuwa kizito kiasi cha kuning'inizwa kutoka darini. Miaka ya mwanzo ya 1990, watafiti wa kampuni ya ndege ya Boeing walitafuta njia ya kuwaonyesha mafundi, kupitia miwani, kila waya unapopaswa kupita. Kilichobadilika tangu hapo ni uzito na bei.

Kazi huanzia kwa msanifu majengo. Badala ya kuchora mistari pekee, huunda kwenye kompyuta mfano wa nyumba wenye urefu, upana na kimo, kila ukuta na kila mlango ukiwa na vipimo vyake. Mfano huo hufunguliwa kwenye simu au miwani. Wasanifu wengi siku hizi tayari huchora hivyo, ila humpa mteja picha iliyochapishwa tu. Ni vyema mteja aulize kama mfano wenyewe upo. Mfano uwe na umbo la ardhi lililopimwa, la sivyo nyumba itaonekana nzuri juu ya uwanja tambarare ambao mteja hana.

Faida kubwa iko kwa familia zinazojenga kutoka mbali. Jamii ya Abagusii ina watu wengi Minnesota, Marekani, na wako wanaotuma pesa za nyumba nyumbani bila kuiona ploti kwa miaka. Mwana aliye kule anaweza kuvaa miwani na kutembea katika nyumba ile ile anayoiona mama yake hapa Nyamira. Huyo mama ndiye wa kusikilizwa sana. Anaweza asijue kusoma ramani, lakini akiingizwa ndani ataona mara moja kwamba moshi wa jiko la kuni utaingia dirisha la chumba cha kulala, au kwamba maji ya mvua kutoka kwa jirani wa juu yataishia mlangoni. Kusogeza mlango kwenye kompyuta ni kazi ya dakika chache. Kuusogeza kwenye ukuta wa matofali ni kuubomoa. Angalizo moja tu: miwani hii huwapa wengine kizunguzungu, hivyo wazee waketi kwenye kiti wanapoivaa.

Hali ni hiyo hiyo kwa miradi ya umma. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, lakini kikao ambacho mchoro umebandikwa ukutani humshirikisha anayejua kuusoma. Mwuzaji wa ndizi katika soko kama Daraja Mbili akionyeshwa kibanda chake kwenye kioo cha simu, atauliza lori litageukia wapi na maji yatapita wapi.

Mipaka ya teknolojia hii nayo ijulikane. Simu haioni nguvu ya zege, wala haihesabu nondo zilizoachwa nje ili kupunguza gharama. Novemba 2015 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa mjini Kisii liliporomoka na watu wakapoteza maisha. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la Huruma, Nairobi, lilianguka wakati wa mvua kubwa na kuua takriban watu 50. Picha nzuri haimzuii mtu kujenga vibaya. Kinachosaidia ni mhandisi wa miundo, vipimo vya udongo na zege, na wakaguzi wanaoruhusiwa kuingia.

Wala simu isitumiwe kuamua mpaka. Mahali inapoonyesha mtu amesimama huweza kukosea kwa mita kadhaa, na katika shamba la upana wa mita 15 hiyo ni sehemu ya jirani. Mipaka huonyeshwa na mpimaji ardhi aliyesajiliwa, na mfano wa nyumba huwekwa baada ya vigingi vyake kusimama.

Kwa anayetaka kujenga, utaratibu haujabadilika: michoro iliyotiwa sahihi na wataalamu huwasilishwa kwa idara ya mipango ya kaunti ili kupata idhini, kisha mradi husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Video au mfano wa simu haupokelewi badala ya michoro hiyo. Wakati mzuri wa kuitembelea nyumba kwa miwani ni kabla ya sahihi hizo kutiwa, kwa sababu mabadiliko makubwa baada ya idhini humrudisha mwombaji kwenye dirisha lile lile, na michoro mipya mkononi.