Mizani ndani ya seli: Vimeng'enya, saratani ya utumbo mpana na amana ya kumshauri mgonjwa



Ndugu zangu, nikiwa nyumbani Jinja au hapa Mbale tunakosoma, kwa kuwa nasoma masomo ya Kiislamu huulizwa sana: "Sheikh, mgonjwa wetu ana saratani ya utumbo. Tumpe nini?" Aghalabu muulizaji ameshanunua kopo la unga au chupa ya mafuta, na muuzaji amemwambia kuwa ina antioksidanti, yaani vitu vinavyozuia seli kuharibiwa na oksijeni kali. Kabla ya kumjibu, tujifunze vitu hivyo hufanya nini mwilini.

Walinzi wa seli

Seli inapotumia oksijeni kutengeneza nguvu, hubaki mabaki makali, mfano wa cheche zinazoruka jikoni. Yakizidi, huunguza vinasaba, na huo unaweza kuwa mwanzo wa saratani. Allah ameweka vimeng'enya vya kuyazima. Cha kwanza huitwa superoksidi dismutesi, kwa kifupi SOD, kilichotambuliwa na McCord na Fridovich mwaka 1969. Hiki hugeuza superoksidi kuwa haidrojeni peroksidi. Kisha katalesi na glutathioni peroksidesi huigeuza peroksidi hiyo kuwa maji.

Suratur-Rahman inatufundisha kwamba mbingu zimeinuliwa na mizani ikawekwa. Mizani hiyo imo hata ndani ya seli. Cheche chache zina kazi, kwani seli huzitumia kupelekeana habari. Zikizidi, huua.

Mlinzi anapomtumikia mwizi

Hapa ndipo penye uzito. Vimeng'enya hivi havimchagui wa kumlinda. Seli ikishakuwa ya saratani, huilinda kama vilivyoilinda ilipokuwa nzima.

Saratani ya utumbo mpana huua hasa inaposambaa, na mara nyingi hufikia ini kwanza, kwa sababu damu ya utumbo hupitia huko. Safari hiyo ni ngumu. Seli inayobanduka kwa wenzake na kuingia kwenye damu hushambuliwa na cheche zilezile, na nyingi hufa njiani. Iliyo na walinzi wengi ndiyo yenye nafasi ya kufika. Vipimo vya uvimbe wa utumbo mpana vimeonyesha mara nyingi kwamba SOD ya ndani ya mitokondria imeongezeka kuliko kwenye utumbo mzima. Tena SOD ikizalisha peroksidi bila katalesi ya kutosha kuiondoa, peroksidi hiyo huweza kuichochea seli ijipenyeze kwenye nyama ya jirani.

Kwa hiyo kauli ya kwamba antioksidanti hutibu saratani haijakamilika. Mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Finland kwa wavutaji sigara zaidi ya 29,000: waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliwapa antioksidanti panya waliopandikizwa saratani ya ngozi ya binadamu, na saratani ikasambaa zaidi. Hayo si ya utumbo, lakini yanatosha kututia tahadhari. Isitoshe, tiba ya mionzi huua saratani kwa cheche hizohizo.

Hukumu yake

Wengine watauliza: je, habbat sauda? Hadithi yake ni sahihi na tunaiamini. Lakini Imam al-Khattabi alieleza kwamba tamko lake ni la jumla na makusudio yake ni mahususi. Abu Daud na Ibn Majah nao wamepokea hadithi yenye maana kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara. Anayemwambia mgonjwa aache hospitali anywe unga wake na aitafakari dhamana hiyo.

Tufanye nini?

Kwanza, tusiseme kila damu kwenye choo ni bawasiri. Choo kikibadilika kwa wiki kadhaa, mwili ukikonda au damu ikipungua, twende hospitali ya rufaa ya Jinja au Mbale. Ikibidi mgonjwa atapelekwa Taasisi ya Saratani, Mulago. Ikigunduliwa mapema, upasuaji huweza kuiondoa yote.

Pili, mgonjwa amwambie daktari kila anachokunywa, hata kama ni cha Sunna.

Tatu, tule chakula chetu. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Lira kisha Mulago, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani hii ilikuwa nadra kwa Waafrika wa vijijini, akaihusisha na wingi wa nyuzinyuzi katika chakula chao. Maharage, mboga na uji wa ulezi havina madhara ya vidonge vilivyokolezwa.

Anayekuuliza "tumpe nini?" amekukabidhi roho ya mtu. Mshike mkono, mpeleke kwa tabibu, kisha mwombee dua. Allah awaponye wagonjwa wetu. Wallahu a'lam.