Wiki Yangu Chekechea: Masomo Matano kwa Kijana Anayetaka Kuwa Kama Mtoto



Leo tuanze na Mt 18:1-5. Wanafunzi wanamuuliza Yesu ni nani aliye mkubwa katika ufalme wa mbinguni. Yeye hatoi hotuba. Anamwita mtoto, anamsimamisha katikati yao, halafu anawaambia kwamba wasipogeuka na kuwa kama watoto hawataingia. Andiko hili tumelisikia tangu tukiwa Utoto Mtakatifu. Lakini kuwa kama mtoto ni kufanya nini hasa? Wengi tunajibu haraka: ni kuwa mnyenyekevu, ni kuwa na moyo safi. Sawa. Hata mimi nimelijibu hivyo kwa miaka mingi, bila kukaa na mtoto mmoja walau nusu saa nikamwangalia anavyofanya.

Mwaka huu nimemaliza falsafa, nikapata digrii yangu, na kabla ya kwenda teolojia nikatumwa parokiani. Siku moja mwalimu msaidizi wa chekechea ya masista aliugua. Paroko akaniambia, "Frateri, wiki hii nenda ukamsaidie Sista." Nikafurahi. Nilidhani nakwenda kupumzika.

Kuna jambo nilikwenda nalo moyoni, na bora niliseme wazi. Jumamosi iliyotangulia, kwenye darasa la Kipaimara, nilimuuliza binti mmoja swali la katekisimu mbele ya wenzake. Akanyamaza. Nikamwambia kwa utani kwamba kwa mwendo huo Askofu atamrudisha nyumbani. Darasa zima likacheka. Kabla kipindi hakijaisha alichukua daftari lake akatoka. Nikajiambia: atarudi tu.

Chekechea ile inafuata njia ya Maria Montessori, kama chekechea nyingi za masista hapa Tanzania. Huyu alikuwa daktari Mkatoliki wa Italia. Tarehe 6 Januari 1907, siku ya Tokeo la Bwana, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa maskini wa San Lorenzo, Roma. Wazazi walikuwa wakienda kazini, watoto wakabaki peke yao wakiharibu ngazi na kuta za majengo, na wenye majengo wakataka mtu wa kuwaangalia. Yeye hakuwaangalia tu wasiharibu. Aliwapa kazi za mikono zinazolingana na umri wao, kisha akatulia na kuwatazama. Njia hiyo imefika hadi kwetu.

Jumatatu: kumimina

Kazi ya kwanza ilikuwa trei yenye majagi mawili madogo, moja lina maharage. Mtoto anamimina kutoka jagi hili kwenda lile. Akizoea, anapewa maji. Sista alionyesha polepole, bila kusema neno. Kisha akaniachia mimi.

Mimi nikaanza kueleza: shikeni hapa, inamisheni hivi, msiharakishe. Watoto wakawa wananitazama mdomo, wala si mikono. Nilipomaliza hotuba yangu, wa kwanza alimwaga karibu maji yote.

Ndipo nikaona kitu kwenye trei ambacho sikukitilia maanani. Pembeni ya majagi kulikuwa na sponji. Mtoto hakulia, hakunitazama kuona kama nimekasirika. Alichukua sponji, akafuta, akarudi kuchota. Nikamuuliza Sista kwa nini sponji inawekwa mapema. Akacheka: "Frateri, si tunajua watamwaga?"

Mpendwa kijana, tafakari hilo. Sponji ipo kabla maji hayajamwagika. Sakramenti ya Kitubio ipo kabla hujaanguka. Bwana hakuiweka kwa sababu ameshtushwa na dhambi yako. Wangapi kati yetu tumekaa miezi bila kuungama kwa sababu ya aibu, tunatembea na nguo mbichi? Mtoto anafuta, anaanza tena.

Jumanne: mfuko wa siri

Siku ya pili ni milango ya fahamu. Mtoto anafumbwa macho kwa kitambaa, anaingiza mkono kwenye mfuko, anataja anachogusa: kifungo, ufunguo, punje ya hindi, jiwe. Wakaomba na frateri ajaribu. Nikagusa kitu kikavu, chepesi, kimezunguka kama kamba iliyoviringishwa. Nikataja vitu vitatu, vyote nikakosa. Binti mmoja akaja, akagusa sekunde moja tu, akasema, "Konokono." Lilikuwa ganda la konokono. Darasa likashangilia.

Sasa, Mtakatifu Thomas wa Akwino, akimfuata Aristotle, anafundisha kwamba ujuzi wetu wa kibinadamu huanzia kwenye fahamu za mwili. Nimefanya mtihani wa jambo hilo, nikafaulu vizuri. Lakini mikono yangu ilikuwa imesahau ganda la konokono.

Ndivyo imani yetu inavyoweza kuwa: kichwani imejaa, mwilini haipo. Kumbuka kwamba Mungu hakutuokoa kwa mawazo. Alitwaa mwili. Akatuachia maji, mafuta, mkate na divai. Hata Rosari imewekewa punje ili vidole navyo visali. Kama sala yako siku hizi ni kusogeza sogeza simu ukiwa umelala kitandani, halafu unasema sala ni kavu, jaribu kwanza kupiga magoti. Washa mshumaa. Gusa maji ya baraka uingiapo kanisani kama mtu anayekumbuka ubatizo wake.

Jumatano: herufi za msasa

Hii ndiyo siku iliyoniumiza.

Herufi zimekatwa kwenye karatasi ya msasa na kubandikwa juu ya ubao mdogo. Mtoto anapitisha vidole viwili juu ya herufi huku akitamka sauti yake: m, a, ma. Somo lina hatua tatu. Ya kwanza mwalimu anasema, "Hii ni m." Ya pili anasema, "Nionyeshe m." Ya tatu ndipo anauliza, "Hii ni nini?" Kila hatua inarudiwa hadi mtoto awe tayari kwa inayofuata.

Kuna mtoto mmoja, miaka minne hivi, ambaye darasani hasemi. Nyumbani anasema, darasani hapana. Nikaona nimsaidie. Nikashika ubao, nikamwita mbele, nikamuuliza, "Hii ni nini?" Kimya. Nikarudia kwa sauti zaidi. Wenzake wote wakageuka kumtazama. Mara nikaona suruali yake inalowa, na maji yanatiririka hadi sakafuni.

Sista alikuja bila haraka, akamshika mkono, akatoka naye kwenda kumbadilisha. Saa nne, watoto wakinywa uji, akaniita kando. Hakunikaripia. Aliniambia, "Frateri, umemdai kitu ambacho bado hujampa."

Nikamwona yule binti wa Kipaimara akichukua daftari lake.

Fikiria ni mara ngapi tunafanya hivi. Kiongozi wa kwaya anamwaibisha mgeni asiyejua noti. Kaka anamcheka mdogo wake kwa kuwa hajui kusali Rosari, na hakuna aliyewahi kukaa naye wakasali pamoja. Tunaanzia hatua ya tatu, tunadai jibu. Angalia Bwana kwenye njia ya Emau, Lk 24:13-35. Ni kweli anawakemea kidogo kwa uzito wa mioyo yao. Lakini kwanza anatembea nao, anawasikiliza, kisha anawafafanulia Maandiko hatua kwa hatua, halafu anaumega mkate. Kutambua kunakuja mwisho, na kunakuja kwenyewe.

Alhamisi: sifuri

Siku ya nne ni kuhesabu. Tulitumia vifuniko vya chupa. Kila mtoto anachukua karatasi iliyokunjwa yenye namba, anaisoma kimya kimya, anakwenda mezani kuchukua vifuniko vinavyolingana na namba yake. Wa saba anarudi na 7, wa tisa anarudi na 9, mikono imejaa.

Lakini kati ya karatasi hizo, moja imeandikwa 0. Aliyeipata hana la kufanya. Anatakiwa kukaa pale pale huku wenzake wakikimbilia mezani. Sista aliniambia huo ndio mtihani mgumu kuliko yote, na wengi wanashindwa: wanainuka wakachukue walau kimoja. Siku hiyo sifuri ilimwangukia yule mtoto asiyesema. Akaifungua karatasi, akaitazama, akaikunja tena. Akakaa. Wenzake walirudi na mali zao, yeye akaonyesha karatasi yake kwa Sista, na nikaona anatabasamu. Alikuwa amepata jibu sahihi kabisa.

Vijana, wengi wetu tupo kwenye sifuri. Umemaliza chuo, barua za maombi ya kazi hazijibiwi. Wenzako wanachumbiana, wanajenga, wanaposti, na wewe ukifungua simu usiku unaona mikono ya watu wengine iliyojaa vifuniko. Sikuambii sifuri haiumi. Na kama kuna dhuluma imekufikisha hapo, Kanisa haliiti dhuluma mapenzi ya Mungu. Ninachosema ni hiki: sifuri yako haisemi wewe ni nani. Usiinuke kwenda kuchukua kisicho chako ili tu uonekane na wewe unacho. Mama Maria alisimama chini ya Msalaba mikono mitupu, na hakuna aliyewahi kusimama karibu na Mungu kuliko pale.

Ijumaa: mchezo wa kimya

Montessori anasimulia kwamba siku moja aliingia darasani na mtoto mchanga wa miezi minne, amelala kimya, akawaonyesha watoto utulivu wake. Nao wakajaribu kutulia kama yeye. Hapo ndipo ulipoanza mchezo wa kimya.

Nasi tuliucheza Ijumaa. Madirisha yakafungwa nusu. Watoto wakakaa, miguu imetulia, mikono imetulia. Tulianza kusikia vitu ambavyo wiki nzima havikuwepo: kuku nje, mtu akifagia uwanja wa kanisa, mabati yakilia kwa joto. Sista akaenda nyuma ya mlango, akaanza kuita kwa kunong'ona, jina moja moja. Kila anayesikia jina lake anainuka, anakwenda kwa ncha za vidole.

Yule mtoto wangu aliitwa karibu na mwisho. Aliinuka mara moja, akaenda. Hakusema kitu, na sitawadanganya kwamba wiki ile alianza kusema. Lakini alikuwa anasikia. Mimi ndiye niliyekuwa napima mtoto kwa mdomo wake tu.

Nikabaki peke yangu kwenye kiti kidogo, magoti karibu na kidevu. Halafu nikasikia jina langu la ubatizo, bila "frateri" mbele yake. Sijui ni kwa nini macho yalilowa. Nilikwenda kwa ncha za vidole kama wengine. Nikamkumbuka Samweli usiku hekaluni, 1 Sam 3, na Maria Magdalena kaburini, Yn 20:16, ambaye hakumtambua Bwana hadi alipoitwa kwa jina lake.

Basi, kuwa kama mtoto ni nini?

Kwa wiki ile nimeelewa hivi: kuwa kama mtoto ni kukubali kufundishwa. Mtoto anajua hajui, na hilo halimuui. Anafuta, anagusa, anarudia, anasubiri, anaitika. Sisi wakubwa tunataka tuonekane tumeshafika.

Jumamosi nilikwenda nyumbani kwa yule binti. Mama yake akanikaribisha chai. Binti akaja, akaniamkia, akakaa. Nikamwomba msamaha mbele ya mama yake, kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya watu. Alisema, "Nimekusamehe, Frateri." Nikamuuliza kama atarudi darasani. Akasema ataangalia. Hadi ninapoandika haya bado hajarudi. Msamaha nimeupata, ila maji yaliyomwagika nayo ni kweli, na sponji bado iko mkononi mwangu. Mwombeeni, na mimi mniombee.

Zoezi la wiki

Jumatatu: panga siku ya kwenda kuungama, usiahirishe.
Jumanne: sali kumi moja la Rosari ukiwa umepiga magoti, simu iko chumba kingine.
Jumatano: mtafute mtu uliyemdai kabla ya kumpa, umwombe radhi.
Alhamisi: taja mbele ya Mungu sifuri yako, bila kuificha.
Ijumaa: kaa kimya dakika kumi mbele ya Ekaristi. Usiseme kitu. Subiri uitwe.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyejifunza kutembea, kusema na kufanya kazi katika nyumba ya Nazareti, utufundishe kufundishika. Utuponye na haraka ya kuwadai wengine. Utuite kwa majina yetu, nasi tuje. Amina.